Sauti Thelathini na Nne na Mashine ya Stoo

2 Machi, Jumatatu

Daftari hili limetoka ofisini kwa njia halali. Lilikuwa limeorodheshwa liharibiwe kwa sababu mistari yake ilichapwa imepinda, nami katika miaka ishirini na sita ya kutunza masjala sijawahi kuharibu daftari kwa kosa la kupinda tu. Hata mimi nimepinda.

Naandika kwa amri ya binti yangu. Anafanya kazi za kompyuta mji mwingine, na jana nilipompigia simu kumweleza mpango wangu alisema, "Sawa, baba. Ila andika kila unachogusa na siku uliyokigusa. Kikiharibika tutajua ulichogusa." Niliona hakusema "kama kitaharibika." Lakini mtoto akishakuwa mtu mzima humsahihishi kila neno.

Mpango ni huu: tuwe na seva yetu wenyewe humu nyumbani, ndani ya stoo, jirani na ubao wa pasi. Kampuni iliyotutunzia picha na sauti za familia kwa miaka sita imetuandikia barua ya upole mno. Inafunga shughuli tarehe 31 mwezi huu. Inatushukuru kwa kuwa nayo. Tusichokihamisha kitafutwa.

Picha ni picha. Kinachoninyima raha ni zile sauti. Marehemu baba mkwe alikuwa fundi redio. Kila akimaliza kutengeneza redio kaseti ya mtu, aliijaribu kwa kujirekodi mwenyewe: "Moja, mbili, tatu," kisha anaeleza tu kilichopo mbele yake, mke wake anafanya nini, mvua imeanza au la. Dakika mbili, tatu, basi. Kaseti zenyewe ziliozea kabatini zamani, lakini binti yetu alikuwa amewahi kuzihamishia mtandaoni. Ziko thelathini na nne. Mama mkwe, ambaye anaishi nasi, husikiliza moja kila siku saa kumi kamili alasiri kwenye kishikwambi chake. Mimi sijawahi kuzisikiliza. Ni maongezi ya mtu na mkewe.

Nilichogusa leo: hakuna.

7 Machi, Jumamosi

Wiki nzima nimechagua programu. Sikujua kazi hii ina ukoo. Nimesoma watu wasiojuana wakitukanana juu ya programu ya kutunza picha kana kwamba wanagombea shamba la urithi. Kila mmoja anasema yake ni nyepesi, haili kitu, na inawekwa kwa dakika tano. Hivyo ndivyo nilivyomsifia mke wangu pikipiki yangu ya zamani.

Mashine nimepata: laptopu ya zamani ya binti yetu. Kioo kimepasuka na kifuniko chake hakifungi, lakini ndani ni nzima. Kama wengi wetu.

8 Machi, Jumapili

Nimeweka mfumo mpya mara tatu. Ya kwanza uligoma. Ya pili nilijichagulia lugha nisiyoijua hata kwa jina, na sikuweza kurudi. Ya tatu umekubali.

Mke wangu, ambaye ni muuguzi wa wodi ya watoto, alisimama mlangoni akasikiliza feni ya mashine.

"Mgonjwa wako anahema."

"Anafanya kazi."

"Ndivyo wazazi wanavyoniambiaga."

14 Machi, Jumamosi

Sauti zote thelathini na nne zimehamia. Nimezihesabu mara nne. Saa tisa na dakika hamsini nilikuwa sebuleni, mikono nyuma, kama mkwe aliyeleta habari ya ng'ombe waliokufa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia umemhamisha mume wangu."

"Yupo salama, mama. Nimemweka stoo."

"Stoo."

"Rafu ya juu kabisa."

Akafikiri. "Basi angalau umempa rafu."

Saa kumi kamili alibonyeza. Nikasikia kwa mbali, "Moja, mbili, tatu," nikatoka nje haraka. Kuna jambo nililiona usoni kwake ambalo si la kuandikwa kwenye daftari la mitambo.

21 Machi, Jumamosi

Nimeongeza programu ya orodha ya manunuzi. Kila mtu anaandika kilichoisha, wote tunaona. Nimewafundisha wote.

23 Machi, Jumatatu

Sukari imeisha. Mke wangu ameandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya kioo cha seva.

28 Machi, Jumamosi

Programu ya zamu za nyumbani: kila kazi na siku yake, na kengele inalia kwenye simu ya mhusika. Sasa tuna programu saba kwa watu watatu. Ofisini, ambako wananiita Jalada, tuna mbili kwa watu arobaini.

31 Machi, Jumanne

Nimeingia kule kwa ile kampuni kuaga. Ukurasa mweupe. Kuanzia leo hakuna kwingine. Alichonacho mama mkwe ni rafu yangu.

Mvua imeanza.

1 Aprili, Jumatano

Mvua. Umeme ulikatika mara mbili. Mama mkwe alikohoa mlangoni mara mbili.

Niseme hapa kwamba kikohozi hiki hakitokani na kifua. Hawezi kumgombeza mkwe, basi hukohoa. Binti yangu aliniambia wenye seva huweka programu maalumu ya kuwaarifu mitambo ikizimika. Mimi ninayo, na haihitaji kusasishwa.

2 Aprili, Alhamisi

Mvua. Kikohozi kimoja.

4 Aprili, Jumamosi

Fundi friji wa nyumba ya pili ametufungia betri ya kushikilia umeme ukikatika. Inashikilia dakika kumi na moja. Sauti ndefu kuliko zote ni dakika nne, kwa hiyo mama mkwe ana akiba.

Leo aliniita. "Mkwe, mshale huu unaotazama chini, pembeni ya kila sauti, ni wa nini?"

"Huo achana nao, mama. Unatengeneza nakala. Ukianza kuubonyeza tutakuwa na sauti kila kona, hatutajua ipi ndiyo yenyewe."

"Aa. Unatengeneza nakala."

"Ndiyo, mama."

"Nimekuelewa."

Napenda mtu anayeelewa upesi.

11 Aprili, Jumamosi

Binti yangu kanielekeza kwa simu hadi nikachomeka diski ya nje. Kila jioni mashine inanakili kila kitu humo yenyewe. "Hiyo ndiyo nakala ya akiba, baba. Mashine ikifa, iko hiyo." Nimempongeza. Amesema nisiiguse.

18 Aprili, Jumamosi

Leo nimefanya usafi mkubwa.

Programu ya picha imeniletea taarifa kwamba nina faili 4,246 zenye nakala zaidi ya moja. Nilipoisoma mwili ulinisisimka. Masjala ina kanuni moja tu, iko ukutani juu ya meza yangu, kwa mwandiko wangu: Hati moja, jalada moja, mahali pamoja. Wanaonicheka hawakuwepo mwaka ule afisa mmoja alipohamishiwa miji miwili kwa siku moja kwa sababu barua yake ilikuwa na nakala mbili zisizofanana. Na alikuwa mtiifu, alikwenda kote.

Basi nimefuta rudufu zote za kwenye diski ya nje. Nikazima na ile kazi ya kila jioni inayozizalisha upya, maana ni kufagia huku mtu anamwaga mchanga. Nafasi ikabaki kubwa, tupu, nikaona aibu kuiacha. Nimeijaza kamusi elezo nzima. Sasa nyumba hii ina habari za kila mdudu duniani hata intaneti ikikatika.

Nimelala mchana usingizi mzito, wa haki.

19 Aprili, Jumapili

Dari la stoo linavuja pembeni. Nimeliziba kwa lami na kipande cha mpira, mama mkwe akinishikia ngazi. Hakukohoa, ila aliangalia juu kwa muda mrefu, kisha akaniangalia mimi, kisha akaangalia juu tena.

Ikiwa lami itashindwa, nimetundika beseni chini ya kipande hicho, juu kidogo ya rafu. Nimeandika kwenye programu ya zamu: Mwaga beseni, kila Jumamosi na Jumanne, mhusika mimi.

23 Aprili, Alhamisi

Mvua.

24 Aprili, Ijumaa

Mvua. Mke wangu kasema wodini wanalaza watoto wawili wawili. Kauliza mgonjwa wangu anaendeleaje. Nikamwambia yuko imara.

25 Aprili, Jumamosi

Mvua tangu alfajiri. Umeme haukurudi mpaka saa nane mchana.

26 Aprili, Jumapili

Naandika haya mezani, mikono ikinuka maji ya dari. Nitayaandika kwa mpangilio kama taarifa ya kazi, pengine mpangilio utanisaidia.

Umeme ulikatika jana asubuhi. Betri ikashikilia dakika zake kumi na moja, mashine ikazimika. Mashine ilipozimika, programu ya zamu ilizimika nayo, kwa kuwa inakaa humo humo. Kengele ya kunikumbusha kumwaga beseni haikulia. Beseni likajaa. Umeme uliporudi, mashine ikawaka yenyewe kama nilivyoifundisha, na nadhani ilikuwa ndiyo kwanza inajiandaa kunikumbusha wakati beseni lilipofurika juu yake.

Niliikuta leo baada ya chai. Maji yalikuwa yametulia juu ya vitufe, safi, unaweza kuona herufi chini yake. Diski ya nje, iliyokuwa pembeni, ilikuwa kavu kabisa. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikampigia binti yangu.

"Pole, baba. Lakini si neno, ndiyo maana tuliweka akiba. Chomeka ile diski kwenye kompyuta nyingine."

Nikaitazama ile diski kavu.

"Baba?"

"Nipo."

"Umegusa nini?"

Nikachukua daftari hili nikamsomea tarehe 18 Aprili, neno kwa neno, mpaka kwenye wadudu. Nilipofika "usingizi mzito, wa haki" sauti yangu ilikuwa imepungua sana. Upande wa pili nikasikia mtu akivuta kiti na kukaa.

"Umefuta akiba," alisema.

"Nimefuta rudufu."

"Baba. Akiba ndiyo rudufu."

Miaka ishirini na sita, na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Alisema mengine kwa upole: picha nyingi ziko kwenye simu za watu, tutazikusanya. Kuhusu sauti, yeye mwenyewe hakubaki nazo. Aliiamini ile kampuni. Diski ya laptopu nimpelekee fundi. Vilivyofutwa kwenye diski ya nje vingeweza kurudishwa, kama nisingeandika kitu juu yake.

"Na uliandika juu yake…"

"Kamusi elezo."

"Nzima?"

"Nzima."

Saa kumi kasorobo nilimwendea mama mkwe. Nilikuwa nimejipanga kusema ukweli. Nikasema, "Mama, leo tuna matengenezo kidogo."

"Haya, mkwe," alijibu, na wala hakukohoa.

27 Aprili, Jumatatu

Fundi wa kompyuta ameifungua diski. Akaniita nitazame mwenyewe, kama daktari anayetaka shahidi. Haiponi.

Mama nimemwambia matengenezo yanaendelea. "Haya, mkwe."

28 Aprili, Jumanne

Leo saa kumi nilipita sebuleni kwa kisingizio cha kutafuta miwani niliyokuwa nimeivaa. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kishikwambi mapajani, vile vidude vya kusikilizia masikioni, macho amefumba. Kimya kile kile cha kila siku, saa ile ile. Anasikiliza kitu ambacho hakipo.

Sikuweza kula.

29 Aprili, Jumatano

Vivyo hivyo. Na leo alikuwa anatabasamu. Nimerudi stoo nikakaa juu ya ubao wa pasi, ukavunjika.

30 Aprili, Alhamisi

Mke wangu amejua. Hakuniuliza, alikuja na kuniwekea mkono kwenye paji la uso.

"Huna homa. Basi umefanya kitu."

Nikamweleza. Nilitarajia kelele, na ingekuwa nafuu. Akakaa kwenye ndoo ya rangi, akasema, "Ni sauti ya baba yangu pia, unajua."

"Najua."

"Mwambie mama wewe mwenyewe. Mimi huko kazini huwa simpelekei mzazi habari kupitia mtu mwingine."

"Kesho."

"Umeshamdanganya siku nne."

"Ni matengenezo."

Akaniangalia kwa jicho ambalo bila shaka huwatuliza watoto wa wodi nzima. "Jumamosi," alisema. "Isipite saa kumi."

2 Mei, Jumamosi

Leo naomba daftari liwe na subira.

Saa tisa na nusu nilioga. Nikavaa shati la ofisini. Saa kumi kasoro dakika tano niliingia sebuleni, mke wangu akasimama mlango wa jikoni na kitambaa cha vyombo ambacho hakuwa anafutia chochote. Mama mkwe alikuwa anachomeka vile vidude masikioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Naona umevaa. Kuna msiba?"

Nikakaa mbele yake, chini, kwenye zulia, maana kiti kilikuwa juu mno kwa habari yenyewe. Nikamwambia yote: mashine imekufa, akiba niliifuta kwa mikono yangu nikidhani ni uchafu, fundi ameshindwa, na yale matengenezo ni uongo mtupu. Mume wake nilikabidhiwa mzima, nikamweka chini ya beseni. Sina cha kusema. Nimekuja tu anisikie nikisema.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akachomoa kidude kimoja sikioni, akanyoosha mkono, akanichomeka mimi.

"Moja, mbili, tatu," alisema baba mkwe. "Redio ya mwenye duka la mikate imepona. Mke wangu anachambua maharage na amenikasirikia, sijui kwa nini, nitajua jioni…"

Nilimwangalia mama. Nikaangalia kishikwambi. Nikaangalia kile kimshale kinachotazama chini, pembeni ya sauti. Kimekuwa cha kijani.

"Ulinikataza," alisema mama mkwe. "Na mimi nikakuelewa. Ulisema unatengeneza nakala. Jioni ile ile nikakaa, nikabonyeza moja baada ya nyingine."

"Lakini kwa nini, mama? Nilikuwa nimekuhakikishia…"

"Mkwe wangu, wewe ni mtu mwema sana." Alisubiri hilo liingie vizuri. "Na nimeishi na fundi miaka arobaini na mbili. Mashine inayohema vile naijua."

"Na siku zote hizi nakwambia matengenezo, ukawa unanijibu haya?"

"Ulikuwa unateseka vizuri, sikutaka kukukatiza. Nilitaka kuona utakuja lini."

Kutoka mlango wa jikoni ulitoka mlio kama wa birika. Mke wangu alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa, na machozi yanamtoka, ya aina zote mbili.

Tulihesabu pamoja. Thelathini na moja. Zimekosekana ya tisa, ya kumi na saba, na ya thelathini.

"Ya tisa anaimba," alisema mama. "Iende. Ya thelathini tulikuwa tumegombana, ananisema kwa redio ya mtu, mwenye redio akaenda nayo nyumbani akasikiliza na familia yake. Iende pia."

"Na ya kumi na saba?"

Alichomoa kidude sikioni mwangu, akakifuta taratibu kwa upande wa kanga yake. "Hiyo tutaona."

3 Mei, Jumapili

Nilichogusa: kishikwambi cha mama mkwe, kwa ruhusa, yeye akiwa amekishika upande wa pili.

9 Mei, Jumamosi

Mvua inapungua. Mashine mpya, ndogo kama kitabu, haihemi. Iko sebuleni, juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo paa ni zima na mama anaiona. Kamusi elezo nimeifuta. Orodha ya manunuzi nimeifuta. Zamu nimezifuta. Imebaki programu ya picha na ya sauti. Karatasi ya sukari imebandikwa kwenye friji, na inafanya kazi vizuri bila kusasishwa.

Ofisini nimeiondoa ile kanuni ukutani. Karani mwenzangu akauliza, "Jalada, umestaafu?" Nikamwambia napaka rangi.

16 Mei, Jumamosi

Jua siku nne mfululizo. Dari nimelitengenezesha kwa fundi wa kweli.

Saa kumi mama mkwe aliniita, akaniambia nilete simu na niiweke irekodi. Nikaiweka mezani. Akajikohoza, kikohozi cha kifua safari hii, akaisogelea kama alivyomwona mumewe akifanya.

"Moja, mbili, tatu," alisema. "Hii ni ya kumi na saba. Yeye hayupo, kwa hiyo naisema mimi, naikumbuka yote. Alisema: redio ya mwalimu imepona, lakini haina kitufe cha sauti. Kitufe kimeng'olewa na kijana aliyekuwa amekaa hapa sebuleni, amekuja kwa ajili ya binti yetu. Niliomba anishikie redio tu, kitufe kikarukia nje dirishani. Sasa ametoka nje, anakitafuta kitufe kwenye majani, na mvua inanyesha. Ana saa nzima huko. Mke wangu ananiuliza tumjibu nini. Kijana hana mkono wa kazi kabisa, bisibisi anaishika kama kijiko. Lakini ukimpa kitu chako akutunzie na kikapotea, hataingia ndani mpaka akione. Mwambie binti nimekubali."

Akaegemea kiti. Halafu akaisogelea simu tena, kwa haraka, kama aliyesahau.

"Alikipata," alisema. "Magharibi. Zima."

Nikazima. Nilibaki nimeishika simu, sikuwa na mahali pa kuangalia. Kitufe chenyewe nakikumbuka: cheusi, chenye mstari mweupe.

"Kwa nini hukuibonyezea mshale hii, mama?"

"Ungeisikia siku moja ukavimba kichwa," alisema. "Haya, kaihifadhi."

Nimeihifadhi. Moja kwenye mashine iliyo juu ya kabati. Ya pili kwenye diski ya nje, ambayo kuanzia leo inakaa kwa fundi friji. Ya tatu nimemtumia binti yangu, ambaye ameisikiliza kazini na kuniambia amelazimika kutoka nje kidogo.

Moja, mbili, tatu. Masjala inisamehe.